Kuku Wasiogusa Mzabibu

Jumapili ile waumini wa ibada ya kwanza walikuwa wanarudi makwao, Biblia kwapani, watoto wakitangulia na viatu vyao vya kung'aa, na njia yao inapita mbele ya geti la Zipora. Hapo ndipo Charles alipochagua kusimama. Hakubisha hodi. Hakusema shikamoo, naye kwa umri ni kama mwanawe. Aliinua simu yake juu, akapaza sauti ya kufika nyumba ya tano.

"Mama! Njoo uone kazi ya kuku wako! Nyasi zangu wamezichimbua zote! Kama hujui kufuga, si uache?"

Zipora alitokea na kopo la pumba mkononi. Alikuwa na miaka sitini na minne. Katika miaka hiyo alikuwa ameambiwa mengi: kwamba ni mkali, kwamba haachi neno lipite, kwamba chai yake haina sukari. Lakini tangu azaliwe hapajatokea kinywa cha kumwambia kwamba hajui kufuga kuku.

"Kuku wangu?" aliuliza. "Kuku wangu mimi, Zipora?"

"Wa nani mwingine? Mtaa huu nani mwingine anafuga? Nimesafiri kikazi wiki mbili, nimerudi jana nakuta mbele ya nyumba yangu pamekuwa shamba."

Alimsogezea simu usoni. Kwenye picha palikuwa na udongo mwekundu, na nyasi zimelala mizizi juu kama nywele zilizong'olewa. Picha yenyewe ilipigwa karibu sana, huoni mwanzo wala mwisho.

"Walipita wapi?" Zipora akauliza. "Ukuta wako ni mrefu kuliko wa gereza."

Mtu mmoja njiani akacheka. Charles hakucheka.

"Kuku wanaruka, mama. Hata hilo hulijui?"

"Basi nipeleke nikaone kwa macho yangu."

"Ukaone nini, na picha ni hii hapa? Mimi nakwenda kwa mwenyekiti."

Akageuka, akavuka barabara ya vumbi kwenda kwenye geti lake jeusi. Mkewe, Anna, alikuwa amefika hapo wakati huohuo, bado na nguo zake za kanisani. Zipora alimtazama akitarajia japo neno moja, kwa kuwa Anna alikuwa anaabudu naye kanisa moja na wiki iliyopita tu walishikana mikono kutakiana amani. Anna aliangalia viatu vyake, akaingia ndani.

Wale waliokuwa wamesimama wakaanza kutembea tena, taratibu, kwa ile adabu ya watu waliosikia kila kitu na hawataki ionekane. Zipora alibaki na kopo lake. Pumba zilikuwa zinamwagika mguuni naye hazioni.

Neno lile liliingia ndani kuliko Charles alivyoweza kujua, kwa sababu ya makubaliano yaliyokuwapo katika nyumba ile kati ya kuku na mimea.

Zipora alizaliwa Mvumi, kwa wakulima wa uwele. Alipokuja mjini kuwa mpishi katika bweni la shule moja ya wasichana, mama yake alimpa kuku jike mmoja ndani ya kikapu, akamwambia mwanamke asiye na kuku hana cha kumkaribishia mgeni. Bartolomayo alikuwa kibarua wa mashamba ya zabibu huko Makutupora, kijana mrefu, mwimbaji wa besi, mwenye mkono mwepesi wa kupogoa. Walipooana na kupata kiwanja Area D, palikuwa ni vumbi tupu na upepo. Bwana arusi alileta vipande kumi na viwili vya mizabibu vilivyofungwa kwenye gunia bichi. Bibi arusi alileta kuku saba.

Katika mwezi wa kwanza kuku saba walimaliza mizabibu kumi na miwili.

Bartolomayo hakufoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavitazama vile vijiti vilivyobaki, kisha akaondoka kwenda Makutupora, akarudi jioni na vipande vingine kumi na viwili. Akavilaza mbele ya mkewe.

"Zipora, chagua. Ama hawa ama hivi."

"Nipe mwezi mmoja," Zipora alimjibu. "Wakigusa jani, hata jani moja, nitawachinja wote kwa mkono wangu."

Ulikwenda mwezi huo, ikaenda miaka thelathini na mmoja.

Alijifunza. Aligundua kwamba kuku aliyefunguliwa asubuhi na kuachwa mchana kutwa huchimba, maana ana muda. Lakini kuku aliyefunguliwa saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeshaanza kulegea, ana saa moja tu kabla ya kutamani kulala, na saa hiyo huitumia kutembea na kudonoa, si kulima. Mchana aliwaweka nyuma ya nyumba ndani ya uzio wa wavu, na humo akawawekea shimo la majivu na udongo mkavu wajigaragaze wapendavyo, kwa sababu kuku asiyepewa pa kuoga vumbi atajitafutia, na pa kwanza atakapopaona ni kwenye shina la mti wako. Kuzunguka kila mzabibu Bartolomayo alipanga mawe bapa aliyoyabeba kutoka mlimani, yaliyobanana kiasi kwamba ukucha haupiti. Mizabibu ikapandishwa kwenye chanja ya juu kuliko kichwa cha mtu.

Halafu zikaja nyasi. Bartolomayo alitaka ukoka mbele ya nyumba. Kila mtu alimcheka, kwamba Dodoma hii, kiangazi hiki, utanywa maji wewe au utainywesha nyasi? Yeye akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo na maji ya kuogea, ndoo kwa ndoo, hata ukashika. Na kuku nao wanapenda majani mabichi. Basi Zipora akamwomba atengeneze fremu za mbao, kimo cha vidole vinne, zifunikwe kwa wavu. Fremu zikalazwa juu ya ukoka. Nyasi zikachomoza juu ya wavu, kuku wakasimama juu yake na kudonoa ncha; mizizi chini hawaifikii. Kila wiki fremu zilihamishwa hatua mbili. Palipohamwa, nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri kuliko kwa mkasi.

Kila jioni, kuku wakishaingia bandani, Bartolomayo aliyekuwa kwenye kiti chake cha kamba barazani, redio pajani, aliuliza bila kugeuza shingo:

"Vipi, wamegusa?"

"Hawajagusa."

"Mungu ashukuriwe."

Ndivyo siku ilivyofungwa katika nyumba ile. Wengine hufunga siku kwa mlango, wao walifunga kwa maneno hayo, halafu ndipo chakula na sala.

Bartolomayo alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili, zabibu zikiwa zinaiva. Alilala hospitali siku tisa. Siku ya nane, sauti yake ya besi imebaki kama pumzi, alimwuliza mkewe jambo lile lile, naye akamjibu lile lile. Baada ya mazishi Zipora alichukua mkasi wa kupogolea kutoka kwenye msumari, akapogoa mwenyewe, akilia na kukata, akikata na kulia, akiwa hana hakika kama anafanya sawa. Msimu uliofuata ulikuwa hafifu. Lakini mwaka huu mizabibu ilizaa hata chanja ikapinda.

Kwa hiyo, sikukuu ya mavuno ilipofika, alipeleka kanisani kikapu cha zabibu na kuku mmoja. Si kuku yeyote. Alimpeleka Mwinjilisti, tetea kishingo, asiye na manyoya shingoni, wa rangi ya kutu, aliyepewa jina hilo na marehemu kwa sababu akitaga yai moja lazima mtaa mzima upate habari. Miguu yake aliifunga kwa kitambaa laini kutoka kwenye kopo ambamo Bartolomayo aliweka vitambaa vya kufungia mizabibu. Mzee yule alikuwa na shati la kwaya la kitenge cha kijani chenye njiwa weupe. Lilipochakaa alilikata vipande vyembamba vya kufungia matawi ya mzabibu kwenye waya, maana kamba ya katani hukata tawi changa. Zipora alitoa kuku yule kama mtu anayetoa kitu kutoka kifuani. Baada ya ibada sadaka zilinadiwa nje kama kawaida, mzee wa kanisa akipaza sauti, watu wakipandishiana kwa vicheko, na mwisho Mwinjilisti akaangukia kwa Anna, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Mama Zipora, huyu nakwenda kumfuga, simchinji," Anna alimwambia akicheka, amemkumbatia kuku wake.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Kesho yake, Jumatatu saa kumi na moja, Zipora alipogonga kopo kuwaita kuku kwenye pumba, Mwinjilisti alikuwa wa kwanza kufika. Alipenya chini ya geti, akapita katikati ya wenzake kama mwenye nyumba. Kitambaa cha kijani kilikuwa bado kinaning'inia kwenye mguu mmoja.

Zipora hakuwaza mara mbili. Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi jikoni kwako, hata kikija kwa miguu yake. Alimbeba, akavuka barabara, akamkabidhi Anna getini.

"Kuku mpya hufungwa kamba mguuni siku nne, mama, mpaka apazoee," alimwelekeza. "Mfunge, umpe maji na chakula. Siku ya tano hata ukimfukuza hatoki."

"Asante, mama. Hata sikujua."

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Na baada ya hayo yote, Jumapili iliyofuata, mume wa Anna alisimama barabarani na kusema kwamba Zipora hajui kufuga.

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa, mzee Optatus, alifika na karatasi. Alikuwa mtu wa maneno laini, asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo wakati mwingine ndio wanaoumiza zaidi.

"Mbukwa, mama," alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Karatasi hiyo ni ya nini?"

"Ah, ni utaratibu tu. Jirani yako amelalamika. Sasa tumeona, ili tuishi kwa amani, kuku wabaki wamefungiwa bandani, na baada ya siku saba uwe umewaondoa."

"Mmeona? Nani ameona? Wewe umeona?"

"Nimeona picha."

"Picha! Mzee Optatus, umekunywa chai kwenye baraza hii miaka mingapi? Umekula zabibu za hapa. Umewahi kuona kuku wangu kwenye bustani ya mtu?"

"Sijaona, mama."

"Basi unahukumu nini?"

Optatus alikuna kidevu. "Mama, yule ni ofisa. Wageni hawa waliohamia na serikali hawajazoea kuku mjini. Wewe ni mtu mzima, wewe ndiye wa kushuka."

Zipora alisaini kwamba ameipokea, maana aliheshimu mamlaka, lakini kalamu nusura itoboe karatasi. Wa kushuka! Kila mara anayeambiwa ashuke ni yule ambaye tayari yuko chini.

Usiku ule alisoma habari za Nikodemo, aliyewauliza wakubwa wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Alipiga mstari chini yake kwa penseli.

Binti yake Lydia, mwalimu huko Mtera, alipiga simu Jumanne. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Mama, wauze tu. Umri huu unahangaika na kuku wa nini? Nitakuletea samaki kila mwezi."

"Lydia, wewe ulisomeshwa na nini?"

"Najua, mama, lakini..."

"Mayai. Ulisomeshwa na mayai. Na hao kuku wakiondoka kwa neno la uongo, maana yake baba yako aliishi miaka thelathini na mmoja akidanganywa kila jioni. Maana yake nilimdanganya hata pale kitandani. Ndicho unachotaka?"

Kisha Lydia akasema, kwa sauti ya kulia, "Hapana, mama."

"Haya. Lete samaki, lakini usiniambie niuze."

Lakini hasira haipozi banda. Ilikuwa miezi ya upepo na jua kali, na kuku waliokuwa na uzio mpana na saa yao ya jioni sasa walikuwa wamebanana chini ya bati mchana kutwa. Zipora alilowesha magunia akayatandaza juu ya bati. Alibadilisha maji mara tano kwa siku. Hata hivyo wakaanza kudonoana, na Alhamisi mchana akamkuta tetea mweusi amelala ubavu, mdomo wazi. Hakumla. Alimzika nyuma ya choo, na alipokuwa anafukia alisikia kitu ndani yake kinakakamaa. Alikuwa ameomba siku zote apewe moyo wa kusamehe. Siku ile aliomba apewe miguu.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya muda kwisha, alivaa kitenge chake kizuri, akajifunga kilemba, akaenda ofisi ya mtaa.

"Mwenyekiti, naomba twende tukapaone."

"Mama, jambo hili si tulishalimaliza?"

"Nyinyi mlilimaliza. Mimi sijalianza. Kama nikipaona na ni kuku wangu, leo hii hii nawachinja wote, nawe utakula. Niliahidi hivyo kabla wewe hujawa mwenyekiti."

Optatus alimtazama, akaona kwamba hatoki ofisini humo bila yeye. Akachukua kofia.

Charles ndiye aliyefungua geti jeusi. Amevaa bukta, ana mpira wa maji mkononi.

"Mwenyekiti, kuna nini tena?"

"Mama anaomba kuona palipoharibika. Ni haki yake."

"Haya, aone! Aone afurahi!" Akasogea pembeni na kunyoosha mkono kama anakaribisha watalii.

Zipora aliingia. Zilikuwa nyasi za kisasa, zile zinazoletwa zimeviringishwa kama mkeka, za kijani hata zinaumiza macho. Na katikati yake palikuwa na jeraha jekundu. Alisimama akaliangalia. Kwenye picha hukuona mwanzo wala mwisho; hapa vilionekana vyote viwili. Alizunguka mara moja, taratibu. Akazunguka mara ya pili akihesabu hatua, ndipo uso wake ukabadilika.

"Mwenyekiti, sogea hapa. Hili ni umbo gani?"

"Umbo? Ni... ni duara."

"Duara. Limekatwa kama sinia. Nje ya hapa hata unyasi mmoja haujaguswa. Wewe umekulia kijijini, mzee Optatus. Kuku aliye huru anachimba duara?"

Optatus alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nyasi.

"Na katikati," Zipora aliendelea, "kwa nini pana chungu cha maua? Nani anaweka chungu cha maua katikati ya shimo?"

"Mke wangu alikiweka kuficha uharibifu," Charles alisema, ila sauti ilikuwa imeshuka.

Zipora hakuomba ruhusa. Alikumbatia chungu kile, akakiinua, akakiweka kando. Chini yake palikuwa na kigingi cha chuma kimepigiliwa ardhini, na kwenye kigingi kimefungwa kipande cha kamba ya kuanikia nguo, na mwisho wa kamba, fundo la kitambaa cha kijani chenye njiwa weupe.

Aliinama akakigusa.

"Hiki si kitambaa cha kwaya ya marehemu?" Optatus alinong'ona.

"Ni chake."

Anna alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Zipora alimgeukia.

"Anna. Kuku yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama. Chini ya tenga."

"Mlete."

Alimleta. Mwinjilisti alikuwa amekonda, na mguu wake mmoja umevimba palipokuwa na fundo. Charles alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayesomewa barua ya mwingine.

"Mama ulisema nimfunge," Anna alisema, machozi yakimtoka. "Nikaona nimfunge hapa mbele ili nimwone kutoka dirishani. Nikawa naenda kazini asubuhi, narudi jioni. Siku ya tatu nikakuta amechimbua mpaka kamba ilipofika. Nikamkata kamba, nikamficha nyuma. Na baba watoto anazipenda sana hizi nyasi. Aliporudi akasema ni kuku wa jirani, mimi nikanyamaza. Niliogopa, mama."

"Uliogopa," Zipora alisema. "Na mimi ulidhani siogopi? Ulikuwa umesimama pale getini. Umetoka kupokea meza ya Bwana, mdomo wako bado una ladha ya divai, ukasikia mumeo ananivua nguo mbele ya kanisa zima, ukatazama viatu. Viatu vilikuambia nini?"

Anna alilia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Kuku huyu nilimtoa kwa ajili ya mume wangu. Kwa shukrani. Aliporudi kwangu ningeweza kumficha, nani angejua? Nikamrudisha kwa mikono yangu. Nikakufundisha. Ndiyo malipo?"

"Jamani," Optatus aliingilia, akipiga viganja kama mwalimu anayefunga kipindi. "Ukweli umejulikana, Mungu ni mwema. Karatasi ile naifuta leo hii. Yameisha. Charles, huna soda ndani? Tunywe soda, tupeane mikono, jirani ni jirani."

"Hayajaisha, mwenyekiti," Zipora alisema. "Siku ya kutukanwa hapakuwa na soda. Na tetea wangu mweusi aliyekufa Alhamisi kwa joto la agizo lako, atafufuka kwa fanta?"

Optatus alivua kofia, akaitazama ndani.

Charles alikohoa. Alikuwa ameukunja mpira wa maji mkononi hata maji yakakatika. "Mama, kwa kweli... sikujua. Basi tusameheane."

"Tusameheane? Mimi nikuombe msamaha wa nini?"

"Namaanisha, unisamehe mimi."

"Hukuniambia hapa, Charles. Uliniambia getini kwangu, saa ya watu kutoka ibada, kwa sauti ya kufika nyumba ya tano. Kesho ni Jumapili. Neno lako ukalichukue palepale ulipoliacha."

Akatoka. Alipopita karibu na Anna, alisimama, akaushika mguu wa Mwinjilisti, akaondoa uzi uliokuwa umezama kwenye ngozi, polepole, bila kumwumiza. Anna alimsogezea yule kuku kama mtu anayerudisha. Zipora akatikisa kichwa.

"Si wangu. Mpake mafuta ya taa na samli."

Kesho yake, Jumapili, Zipora hakwenda ibada ya kwanza. Alijiwekea ya pili. Alikaa barazani. Watu walianza kupita, na Charles akavuka barabara, amevaa shati la mikono mirefu, jasho limemtoka ingawa jua lilikuwa bado dogo. Alisimama palepale. Safari hii alianza mahali pa kuanzia.

"Shikamoo, mama."

Zipora alimwacha ahesabu pumzi tatu nne.

"Marahaba. Sikusikii vizuri."

Wapita njia walishasimama. Charles alipaza sauti. Alisema kwamba wiki iliyopita alisimama hapa akamtukana mama huyu, na kwamba kuku wa mama huyu hawakuingia kwake, aliyeharibu nyasi ni kuku wa nyumbani kwake mwenyewe, na kwamba alisema mama hajui kufuga, na asiyejua ni yeye. Alisema vibaya, kwa kugugumia, na mara mbili alirudia maneno. Lakini yalifika nyumba ya tano. Mama mmoja wa kwaya alipiga kigelegele, kisha akajizuia kwa aibu.

"Nimesikia," Zipora alisema. "Nenda salama."

Hakumkaribisha ndani. Kusamehe alijua ataombwa, na angefanya, maana aliyeamuru hilo hakumpa nafasi ya kuchagua. Lakini chai ilikuwa mali yake mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni alikwenda bandani. Mkono ulikuwa kwenye komeo, na ghafla aliogopa. Karibu siku saba kuku hawa hawajatoka. Wamebanwa, wamedonoana, wameona mwenzao akifa. Kuku akifungiwa namna hiyo hupoteza adabu. Na adabu yao ilikuwa ndiyo neno lake. Kama wangeivamia mizabibu leo, uongo wa Charles ungegeuka kuwa kweli.

Akavuta komeo.

Walitoka kama maji ya bwawa lililopasuka. Walipiga mbawa, wakavuka uwanja wote mbio, wakasimama ukutani wakishangaa. Kisha jogoo akaelekea kwenye mzabibu wa kona, ule mkubwa. Jogoo alikwaruza mara moja, ukucha ukalia juu ya jiwe bapa. Akakwaruza mara ya pili. Akainua kichwa, akaangalia huku na huku kama mtu aliyekosea mlango, akaenda zake kwenye fremu ya ukoka. Wengine wakamfuata.

Hapo ndipo aliposikia hodi. Anna alikuwa nje ya geti na Mwinjilisti mikononi, hana kamba.

"Mama, amesikia kopo lako, anahangaika. Nifanyeje?"

Zipora alimtazama. Uso wake haukulainika.

"Mweke chini. Ni saa moja tu. Jua likizama umchukue, umlaze kwako. Na kesho utafute mbao nne na wavu, nitakuambia vipimo."

Anna alimweka chini. Hakuambiwa aketi, akabaki amesimama kando ya geti mikono nyuma. Mwinjilisti alichechemea mpaka kwenye fremu, akapanda, akadonoa ncha za nyasi pamoja na wenzake.

Jua lilipogusa vilima, Anna alimchukua kuku wake akaondoka bila kelele, na wengine wakaingia bandani mmoja mmoja. Zipora alifunga komeo. Akapita chini ya chanja, akiinua jani kwa jani, akainama kwenye kila shina, yote kumi na mawili, hadi lile la kona ambapo ukucha wa jogoo ulikuwa umeacha mstari mweupe juu ya jiwe. Akanyanyuka, mkono kiunoni, akageukia baraza na kile kiti cha kamba.

"Hawajagusa," alisema.

Akangoja kidogo, kama alivyozoea, halafu akamalizia mwenyewe.

"Mungu ashukuriwe."